Kayaki Kwenye Maporomoko: Mto, Korongo na Ardhi Inayoporomoka

MICHENZANI, UNGUJA – Mtu aliyezaliwa Michenzani anaweza kufikia utu uzima bila kuuona mto unaoanguka kutoka juu ya jabali. Unguja haina milima. Sehemu yake iliyoinuka zaidi, kwenye ukingo wa Masingini, haizidi sana mita 120 juu ya usawa wa bahari, na mito yake, ukiwamo Mto Mwera, ni mifupi na ya taratibu. Hata jina la Ng'ambo, ambako Michenzani ipo, limetokana na maji ya chumvi: ni ng'ambo ya Pwani Ndogo, mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na upande wa mashariki kabla haujafukiwa. Darajani, kama jina linavyosema, palikuwa na daraja.

Hata hivyo, maji yanayoanguka yamo ndani ya majumba ya Michenzani kila siku. Umeme wa Unguja hutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Sehemu kubwa ya umeme wa gridi ya Taifa huzalishwa na mito iliyozuiliwa penye maporomoko au makorongo: Kidatu, Kihansi, Pangani, na sasa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Waya huo ulipoharibika mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, wakaazi wa Unguja walijua kwa wiki nyingi jinsi maisha yao yalivyofungamana na mito ambayo wengi wao hawajapata kuikanyaga.

Sasa mito hiyo inawavuta watu wa visiwani kwa njia nyingine. Vijana wanaokwenda Bara, Kenya na Uganda kwa masomo, biashara au kazi za utalii hukutana na mchezo wa kushuka mito ya kasi kwa kayaki, na picha za watu wanaojirusha na chombo kutoka juu ya maporomoko huonekana kila siku kwenye simu. Picha hizo haziwezi kuonesha kinachoendelea chini ya povu, wala hali ya kingo za korongo baada ya wiki mbili za mvua. Makala hii inaeleza mambo hayo mawili.

Neno moja kwa hatari mbili

Kiswahili hutumia neno moja, maporomoko, kwa maji yanayoanguka na kwa ardhi inayoteleza. Wataalamu wa miamba wangeona neno hilo linafaa sana. Maporomoko ya maji hutokea pale mto unapopita kutoka mwamba mgumu kwenda mwamba laini, au unapokatiza ufa wa ardhi. Maji huula mwamba laini kwa chini, mwamba mgumu wa juu hubaki ukining'inia, na hatimaye huvunjika. Kwa namna hiyo maporomoko hurudi nyuma polepole kuelekea chanzo cha mto, yakiacha mbele yake korongo lenye kuta zilizosimama. Kuta hizo ndizo zinazoporomoka. Kwa hiyo si bahati mbaya kwamba mwenye kayaki anayetafuta maporomoko ya maji hujikuta chini ya mteremko usio imara. Maji yaliyochonga kimoja ndiyo yaliyochonga kingine.

Chombo na maji yake

Kayaki asili yake ni kwa watu wa Inuit wa kaskazini ya mbali, waliotengeneza vyombo vyembamba vya ngozi kwa ajili ya kuwinda baharini. Ya mtoni siku hizi ni ya plastiki ngumu, fupi, iliyofunikwa juu. Mpigaji kafi huketi ndani, miguu mbele, na kiuno chake hufungwa kwa kitambaa kisichopitisha maji. Kafi lake lina bapa pande zote mbili. Kayaki haina matengo ya pembeni kama ngalawa. Hupinduka kwa urahisi, na ustadi wa kwanza anaofundishwa mwanafunzi ni kuirudisha wima kwa mtikiso wa kiuno na kafi akiwa bado amening'inia kichwa chini majini. Asiyeweza hivyo hana la kufanya penye maporomoko.

Hapa ndipo mzoefu wa bahari hukosea. Mvuvi wa Nungwi au kijana aliyejifunza kuogelea Forodhani anajua nguvu ya mkondo, lakini mkondo wa bahari una saa zake. Maji hupwa na kujaa, na aliyechukuliwa nje anaweza kungoja kurudishwa. Mto hauna zamu. Jambo la pili ni povu. Maji meupe chini ya maporomoko yamechanganyika na hewa nyingi, kwa hiyo hayamwelezi mtu wala chombo kama maji ya kawaida. Muogeleaji hodari hupiga mikono humo bila kupanda, kwa kuwa anapiga hewa.

La tatu ndilo linaloua zaidi. Maji yanapoanguka huzama hadi chini, kisha sehemu yake hupanda juu na kurudi nyuma kuelekea ukuta wa maporomoko, yakizunguka mahali pamoja. Kitu chochote kinachoelea, liwe gogo, kayaki au mtu, hukamatwa katika mzunguko huo, huzamishwa, huibuka, na kuzamishwa tena. Kizingia cha namna hii huweza kuwapo chini ya ngazi ya maji isiyofika kimo cha mlango wa nyumba. Mabwawa madogo na vizuizi vya saruji vilivyojengwa kukatiza mto mzima ni vibaya kuliko maporomoko mengi ya asili, maana mzunguko wake umenyooka kutoka ukingo hadi ukingo na hauna upenyo wa kutokea.

Ndiyo maana kimo si kipimo kizuri cha hatari. Mwaka 2009 Mmarekani Tyler Bradt alishuka na kayaki Palouse Falls katika jimbo la Washington, maporomoko yenye kimo cha takriban mita 57, zaidi ya mara mbili ya kimo cha majumba ya Michenzani, akatoka akiwa na maumivu ya mkono tu. Miaka miwili baadaye, kwenye maporomoko ya Abiqua huko Oregon, ambayo kimo chake ni karibu nusu ya hayo, alivunjika uti wa mgongo. Tofauti iko katika kina cha maji ya kutua, pembe ambayo pua ya chombo inaingia majini, na kiasi cha maji ya siku hiyo. Anayetua bapa, tumbo la chombo chini, hupokea pigo lote kwenye uti wa mgongo. Anayeingia kwa pua mahali pasipo na kina hugonga mwamba.

Nile Nyeupe: mto uliobadilishwa

Kwa Afrika Mashariki mchezo huu una makao yake Jinja, Uganda, pale Nile inapotoka Ziwa Victoria. Zanzibar ina historia yake na mahali hapo. Msafara wa Mwingereza John Hanning Speke ulioanza safari Zanzibar mwaka 1860, ukiwa na Sidi Mubarak Bombay miongoni mwa viongozi wa wapagazi wake, ndio uliomfikisha Speke kwenye maporomoko ya kutokea ziwani Julai 28, 1862. Aliyapa jina la Ripon. Mgeni wa leo hawezi kuyaona. Yalizama baada ya kujengwa Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lililozinduliwa mwaka 1954.

Chini ya bwawa hilo mto ulibaki na ngazi kadhaa za maji makali, na kuanzia mwaka 1996 kampuni za utalii zikaanza kuwashusha wageni kwa maboti ya mpira. Wapigaji kayaki wakafuata. Walivutiwa na sifa ambazo mito michache duniani inazo kwa pamoja: maji ni ya vuguvugu mwaka mzima, ni mengi, yana kina, na mawe yake mengi yamefunikwa vizuri kiasi kwamba anayepinduka huogelea kuliko kugongwa. Vijana wa vijiji vya kando ya mto walijifunza na baadhi wakawa waalimu na waokoaji, kazi ambayo imelisha familia nyingi.

Penye maporomoko ya Bujagali kulikuwa pia na mchezo usiokuwa na chombo. Vijana wa hapo walijitosa katika maji hayo wakikumbatia dumu la plastiki la lita 20, kwa malipo ya watalii waliosimama ukingoni na kamera. Dumu tupu huelea vizuri, ni kweli. Lakini halina mshipi, halifuniki kichwa, na mkono ukiteleza mara moja hakuna kilichobaki. Ukitaka kujua thamani ya maisha ya kijana asiye na ajira ilivyopimwa ukingoni pale, malipo yale yanatosha.

Bujagali nayo imezama. Bwawa la megawati 250 lilijazwa maji mwaka 2011 na kuzinduliwa mwaka uliofuata. Kwa Wasoga mahali hapo palikuwa makao ya mzimu, na suala la kuuhamisha mzimu huo lilijadiliwa kwa uzito sawa na suala la fidia ya mashamba. Kama sehemu ya makubaliano ya ujenzi, Serikali ya Uganda na Benki ya Dunia zilikubaliana mwaka 2007 kwamba maporomoko ya Kalagala, pamoja na Itanda yaliyo ng'ambo ya mto huo huo, yatatunzwa kama badala ya yale yaliyopotea. Kisha likaja Bwawa la Isimba, megawati 183, lililozinduliwa Machi 2019, na maji yake yakameza baadhi ya mawimbi yaliyokuwa yakiwavuta wanamichezo kutoka nchi nyingi. Itanda yamebaki. Katika kipimo cha kimataifa chenye madaraja sita, ambapo la sita ni la maji yasiyopitika bila kuhatarisha uhai, sehemu za Itanda huwekwa daraja la tano na la sita, na kampuni nyingi huwatoa abiria wao nchi kavu na kutembea nao hadi chini.

Msafiri anapaswa kuelewa kuwa mto huu hauendi tena kwa mvua peke yake. Kiasi cha maji kinachopita hutegemea mitambo inayofunguliwa na kufungwa kwa mahitaji ya umeme, hivyo mawimbi ya asubuhi si lazima yawe mawimbi ya jioni. Jiwe lililofunikwa saa tatu linaweza kuwa wazi saa kumi.

Kadiri mto unavyoshuka kaskazini, hatari nyingine huongezeka. Mwaka 2004 Hendri Coetzee wa Afrika Kusini na wenzake walisafiri kutoka chanzo cha Nile Nyeupe hadi Bahari ya Mediterania kwa zaidi ya miezi minne, safari ambayo haikuwahi kukamilishwa kabla yao. Hakuna aliyeujua mto wa Afrika kuliko yeye. Desemba 2010, akiwaongoza Wamarekani wawili katika Mto Lukuga, unaotoka Ziwa Tanganyika upande wa Kongo penye mji wa Kalemie, alikamatwa na mamba akiwa ndani ya kayaki yake, kwenye maji yaliyotulia. Mwili wake haukupatikana.

Ukingo unapoingia mtoni

Mwenye kayaki hujifunza kusoma maji. Kusoma ukingo hufundishwa kwa nadra, na huko ndiko yanakotoka maporomoko ya ardhi.

Udongo wa mteremko hushikiliwa na msuguano wa chembe zake, mizizi ya miti na mwamba ulio chini yake. Mvua ya siku nyingi hujaza maji nafasi zilizo kati ya chembe, uzito huongezeka, msuguano hupungua, na kisha mvua moja ya saa mbili inatosha. Ukataji wa miti, kilimo kwenye miteremko mikali na barabara zilizokatwa ubavuni mwa mlima huharakisha. Katika korongo, mto wenyewe huongeza kazi yake kwa kuula mguu wa mteremko kila unapofurika.

Ukanda huu una kumbukumbu chungu. Machi 1, 2010, mteremko wa Mlima Elgon uliporomoka Bududa, mashariki ya Uganda, na kufunika kijiji cha Nametsi pamoja na mamia ya watu. Oktoba 2018, katika wilaya hiyo hiyo, mawe na matope yalishuka kupitia bonde la mto hadi kwenye senta ya biashara na kuua watu zaidi ya 40. Hapa Tanzania, asubuhi ya Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang' mkoani Manyara ilimeguka. Matope, mawe na magogo yakafuata njia ya mto hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Katika matukio haya mawili ya mwisho walioathirika hawakuwa lazima wakaazi wa mteremko wenyewe. Bonde la mto ndilo lililobeba mlima hadi kwao.

Kwa aliye ndani ya korongo na kayaki, ardhi inayoporomoka huja kwa sura tatu. Ya kwanza ni jiwe au ukuta unaoanguka moja kwa moja, na kwa hilo kofia ngumu ni msaada mdogo. Ya pili ni mto uliobadilika. Mawe mapya hutengeneza maporomoko mapya ambayo hayamo katika maelezo ya mtu yeyote, na magogo hukwama katikati ya mawe. Gogo lililokwama hupitisha maji na kubakiza kilicho kigumu, kama chujio la nazi; mtu akisukumwa hapo hubanwa na uzito wa mto mzima. Waongozaji wazuri huukagua upya mto wote kwa miguu kila baada ya mvua kubwa, hata kama waliupita wiki iliyotangulia.

Ya tatu ni ya hila zaidi. Udongo ulioporomoka huweza kuziba mto na kufanya bwawa la muda. Chini ya kizuizi maji hupungua ghafla, na asiyejua hufurahi kuona mawe yamejitokeza na njia imekuwa rahisi. Kizuizi hicho ni cha udongo mbichi. Kikivunjika, maji yote hushuka kwa mara moja pamoja na kizuizi chenyewe. Mfano mkubwa ni wa Yigong, Tibet. Aprili 2000 mlima uliporomoka na kuuziba mto huo, ziwa likajikusanya kwa takriban miezi miwili, na Juni likapasua. Gharika ilipita katika korongo la Mto Tsangpo na kuharibu madaraja na makaazi hadi ndani ya India.

Korongo hilo hilo la Tsangpo, lenye kina kuliko mengi duniani, lina mengine ya kufundisha. Oktoba 1998 Mmarekani Doug Gordon, mmoja wa wapigaji kayaki mahiri wa nchi yake, alipotea humo baada ya kushuka maporomoko yenye kimo cha mita mbili na nusu hivi. Mwaka 2002 kikosi cha wapigaji kayaki saba kilichoongozwa na Scott Lindgren kilifaulu kushuka sehemu ya juu ya korongo. Walipofikia eneo la maporomoko makubwa walitoka majini, wakabeba kayaki mabegani na kuvuka mlima kwa miguu.

Korongo linaweza kuua hata bila ardhi kuteleza. Septemba 1, 2019, katika korongo la Ol Njorowa ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate, Kenya, watu saba akiwamo mwongozaji wao walichukuliwa na mafuriko ya ghafla. Vijana wa kikundi cha kanisa walikuwa wamepoteza maisha mahali hapo hapo Aprili 2012. Katika korongo jembamba, mvua iliyonyesha kilomita nyingi juu hufika chini ya anga lisilo na wingu.

Kwa anayepanga safari

Maporomoko mengi makubwa ya Tanzania si ya kayaki hata kidogo. Kalambo, mpakani na Zambia, huanguka zaidi ya mita 200 kwa mfululizo mmoja, na Sanje katika Milima ya Udzungwa, yenye takriban mita 170, yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ambamo shughuli yoyote huhitaji kibali. Mto Kihansi nao, katika milima hiyo hiyo, umepewa kazi ya umeme, na korongo lake ni makao ya chura mdogo asiyepatikana penginepo duniani, aliyetoweka humo baada ya maji kupunguzwa na kurejeshwa mwaka 2012 kutoka mabanda ya kuzalishia Marekani.

Anayekwenda Jinja, au Sagana katika Mto Tana nchini Kenya, ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa: mwongozaji amepata mafunzo wapi ya uokoaji wa majini; kuna kayaki ngapi za usalama zitakazofuatana na boti; ni maporomoko gani yatakayopitwa kwa miguu; mvua kubwa ya mwisho ilinyesha lini huko juu; na jeruhi atapelekwa hospitali gani, kwa usafiri gani. Kampuni inayojibu maswali haya kwa kicheko si ya kupewa fedha. Jaketi la kujiokolea linapaswa kumkaa mtu mwilini kiasi kwamba akivutwa mabegani halipandi hadi masikioni. Bima nyingi za kawaida za safari haziguswi na michezo ya aina hii, kwa hiyo masharti yasomwe kabla ya kuondoka nyumbani.

Akiwa korongoni, msafiri anapaswa kutoka majini na kupanda mahali pa juu mara moja iwapo maji yatabadilika rangi ghafla kuwa ya matope, yatapungua bila sababu, yataanza kuleta matawi mabichi, au iwapo patasikika mngurumo unaofanana na gari kubwa mahali pasipo na barabara. Nyufa mpya ukingoni na miti iliyoinama upande wa mto ni dalili za kutokupiga kambi hapo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu kwa mvua za Masika na za Vuli kwa Bara na Visiwani, na taarifa za hali mbaya ya hewa kwa ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kwa upande wa Unguja, ambako kayaki hutumika baharini na kwenye mikoko, taarifa hizo hizo hueleza nguvu za upepo na urefu wa mawimbi. Namba ya dharura ya Polisi nchini Tanzania ni 112.